Dira Yenye Mpini

Kufikia Jumapili asubuhi, kitu kilichokuwa juu ya meza ya Inspekta Phelister Obura, katika kituo cha polisi cha Malaba, kilikuwa kimeshapewa majina mengi kuliko kifungua mimba. Afisa wa forodha aliyekitoa kwenye begi la Victor Egwang pale mpakani alikuwa ameandika kwamba ni kifaa ambacho matumizi yake hayajulikani. Polisi wa zamu alikiita tochi ya wazungu. Mkuu wa kituo, ambaye hakupenda kushindwa na jambo mbele ya wadogo zake, alisema ni kipimo cha dhahabu na hakutaka mjadala. Mama wa chai naye alikitupia jicho mara moja, akatua birika, na tangu hapo chai ya ofisi ile ilikuwa ikiachwa mlangoni.

Phelister hakukipa jina. Alikigeuza huku na huku akikitazama. Kilikuwa na mpini mweusi wa kushikia mkononi, na juu ya mpini kikombe cha shaba kilichofunikwa kwa kioo. Ndani ya kioo mlikuwa na maji, au kitu mfano wa maji, na sahani nyembamba yenye namba ilielea humo na kugeuka polepole kila alipokisogeza. Povu dogo la hewa lilitembeatembea juu. Kando ya kikombe palikuwa na kipande cha kioo kinene chenye pembe tatu, kama cha darubini.

Siku nzima ya jana alikuwa ameipoteza kwa sababu ya hiyo dhahabu ya mkuu wake. Mbadilishaji pesa mmoja pale Malaba, Mganda mwenye maneno matamu, alimwambia, "Nnyabo, hiyo mashine naijua, iko mtu Busia anauza." Phelister akaenda mpaka Busia, akapenya katikati ya malori, akampata mtu mwenyewe nyuma ya kibanda cha maandazi. Mashine yake ya dhahabu ilikuwa bomba la maji lililofungwa antena ya redio. Alimwonya, akarudi zake akiwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Sasa muda ulikuwa umemwishia. Kesho, Jumatatu, Victor Egwang angefikishwa mahakamani kwa kumuua baba mkwe wake, na kwa faili ilivyokuwa, hakuna hakimu ambaye angempa dhamana.

Faili yenyewe ilisimulia hivi. Mzee Odeke, mgane aliyeishi peke yake karibu na Kocholia, alikutwa Jumamosi alfajiri amelala kitandani mwake, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta ni mdogo wake wa tumbo moja, Oriokot, aliyepakana naye mashamba, na ambaye kila asubuhi alimpelekea uji. Oriokot alieleza kwamba jioni ya Ijumaa, giza likiingia, alimwona Victor akitoka ndani kwa mzee na tochi ikiwaka mkononi, mwanga umepiga njia nzima mpaka kwenye mihogo. Kando ya kitanda polisi walikuta kisanduku cha mbao kiko wazi, kitupu. Jua la Jumamosi halijapanda vizuri, Victor akanaswa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda, na kitu kilichotoshea barabara katika kisanduku kile kikiwa ndani ya begi lake.

Mkuu wa kituo alisema faili za namna hiyo ni za kushukuru Mungu. Phelister alikubali kwamba ilikuwa nzuri. Ila hakuwa na raha kumshtaki mtu kwa wizi wa kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini.

Akashuka seli.

Victor alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mtembeza karatasi wa mawakala wa mizigo pale Malaba, mwembamba, mwenye sauti ya kukauka. Aliyasimulia yale yale ya jana bila kuongeza chumvi. Ijumaa jioni mzee alimpigia simu, akamwita ukingoni mwa shamba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mzee alikuwa na kile kitu, akakiinua mpaka jichoni, akalitazama jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba kule ng'ambo Uganda, kisha akageuka akautazama mnara wa kanisa. Akasema mpaka wa shamba umetembea. Halafu akampa akipeleke kwa fundi saa wa Tororo atoe lile povu, kwa sababu wazee wa kijiji walikuwa wakae juu ya mpaka huo wiki inayokuja, na hakutaka mtu aseme chombo chake ni kibovu.

"Na yeye ulimwacha wapi?"

"Hapo hapo kwa shamba, madam. Mzima. Ananiambia nisichelewe giza."

"Ndani hukuingia?"

Victor akacheka, kicheko cha mtu ambaye hana kingine cha kufanya. "Ndani wapi? Mimi ni mkwe. Tangu nioe Terry, hiyo nyumba naijua paa tu. Hata siku ya mahari walitujengea hema huko nje."

"Watu huvunja miiko wakishikwa na hasira."

"Sawa. Lakini mimi hasira ningetoa wapi? Huyo mzee alikuwa ananipenda." Akasogea karibu na nondo. "Madam, Terry anasema nini?"

Phelister alijua swali hilo lingekuja. Terry, mke wa Victor na mtoto pekee wa marehemu, alikuwa kwao Kocholia tangu jana, ameketi kwenye mkeka katika ua wa baba yake. Alipoulizwa habari za mume wake aliinamisha kichwa.

"Terry hasemi kitu," akamjibu.

Aliona jinsi jibu hilo lilivyomwingia, na akaona afadhali aende akafanye kazi.

Chombo cha kulenga milima kwa jicho kilimkumbusha askari. Mtaani kwake Burumba, mjini Busia, mageti machache kutoka chumba alichopanga, aliishi mzee mmoja mwenye masharubu yaliyonyolewa kwa rula. Phelister alikuwa na mwaka wa pili Busia na hajawahi kumwambia zaidi ya habari ya asubuhi. Alijua tu kwamba anaitwa Meja Okwara, kwamba alistaafu jeshi la anga, na kwamba nguo zinazoanikwa uani kwake ni za mtu mmoja. Hilo la mwisho alilijua kwa sababu kamba ya nguo zake yeye ilikuwa hivyo hivyo. Watoto wake walikuwa Kisumu kwa dada yake, na jioni alikula kwenye sahani moja, akaiosha, akairudisha pale pale.

Meja alikuwa ametoka ibada ya kwanza, bado amevaa tai. Phelister akamkabidhi kile kitu. Mzee alikishika mpini, akakipima uzito, akakigeuza polepole kwa muda ambao ungemchosha mtu mwenye haraka.

"Umeitoa wapi hii?" akauliza.

"Nataka uniambie wewe kwanza ni nini."

"Ni dira. Dira ya ndege."

Phelister alimwambia kwamba dira anazozijua ni bapa na zina sindano. Meja akatabasamu. Hizo ni za watu wa miguu, akasema. Hii ilitengenezewa mtu anayesoma njia ndani ya ndege, zile ndege za vita vya wazungu vya pili. Akamwonyesha chini ya kikombe mahali palipochongwa taji dogo na herufi A na M, alama ya wizara yao ya anga ya wakati huo. Maji yale ni spiriti, yamewekwa ili sahani isiyumbeyumbe ndege ikitikisika. Yeye mwenyewe alizishika akiwa kurutu; zilikuwa zimeshazeeka, lakini mwalimu wao hakuamini mtu ambaye hajaanza na chombo cha mkono.

"Ilifikaje Kocholia?"

"Huyo mwenyewe alikuwa anafanya kazi gani?"

Phelister akakumbuka kijisehemu kwenye faili ambacho alikuwa amekipita mbio. Mzee Odeke ujanani alikuwa kibarua wa uwanja mdogo wa ndege za kunyunyizia nzige dawa.

"Basi ni rubani alimwachia," Meja akasema. "Walikuwa wanafanya hivyo wakienda kwao. Njoo nje. Hiyo bastola acha kwa meza, na simu, na hizo pingu."

Uani akamfundisha. Unaiinua mpaka usawa wa jicho, unalenga kitu cha mbali kupitia ufa mdogo, kilima, mnara, chochote kisichohama. Kile kioo cha pembe tatu kinakuletea namba ya sahani jichoni wakati huo huo unakitazama kitu chako. Namba hiyo ndiyo uelekeo. Angani msoma njia alipima kilima kimoja, akachora mstari kwenye ramani, akapima kilima cha pili, akachora mwingine. Mistari ikikutana, hapo ndipo ndege ilipo. Ukigeuza hesabu unaweza kufanya jambo lingine pia: ukiwa na namba mbili za mahali fulani, unatembea nayo mpaka zote mbili zikubali, na umefika mahali pale pale, hata kama kila alama imeng'olewa.

Phelister akalenga mnara wa simu, akasoma namba. Meja akamvuta mpaka karibu na geti la chuma, akamwambia asome tena. Mnara haukuwa umehama ila namba ilikuwa nyingine kabisa.

"Chuma kinaidanganya," Meja akasema. "Ndiyo maana inashikwa mkononi. Ndani ya ndege unatafuta mahali pako mbali na chuma, unasimama hapo hapo kila siku."

"Na ndani ya nyumba ya mabati, yenye kitanda cha chuma?"

"Humo ni ya kuweka kwa sanduku tu."

Hapo Phelister akauliza swali ambalo lilikuwa likimkera tangu Jumamosi. Mbona ina mpini kama wa tochi? Meja akafungua kizibo cha chini. Ndani ya mpini palikuwa na nafasi ya betri, tupu, yenye kutu ya kijani. Akaingia ndani, akarudi na betri ya redio, akaikaza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akabonyeza kidude. Hakuna kilichotokea. Phelister akasema balbu imekufa, na nani angeilaumu kwa umri huo.

"Weka jicho," Meja akasema.

Akaliweka. Mle ndani, juu ya namba, palikuwa na mwanga mdogo mwekundu, mwanga wa kaa la moto linalozimika. Akaondoa jicho na mwanga haukuwepo tena.

"Mtu akiwa ng'ambo ya shamba anaweza kuuona?"

"Hata mimi niliyeishika siuoni. Ilitengenezwa hivyo makusudi. Usiku rubani akipigwa na mwanga machoni anakuwa kipofu, na ndege ya adui ikiona taa yako, umekwisha. Hii inamulika namba tu."

Phelister akachukua bastola yake na vitu vyake, akashukuru. Meja alimsindikiza mpaka getini, akasimama ameshika tai yake.

"Ukimaliza nayo, pitia," akasema. "Hata kama huna swali."

Ndani ya gari Phelister alipanga mambo yake. Oriokot alikuwa amesema kaona mwanga umepiga njia nzima mpaka kwenye mihogo. Chombo hiki hakikuwa na betri, na hata kingekuwa nayo, kisingemulika ukucha. Kwa hivyo Oriokot hakukiona kikiwaka. Alikiona kwa mbali, mchana bado upo, kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine kule ukingoni mwa shamba, akaona mpini, akadhani ni tochi kama alivyodhani polisi wa zamu. Uongo wote aliujenga juu ya huo mpini.

Lakini uongo wa shahidi peke yake haumtoi mtu seli. Mkuu wa kituo angesema Oriokot kachanganya, Victor alikuwa na tochi ya simu, basi. Akafungua tena picha za maiti kwenye simu yake, akazipitia moja moja wakati dereva akiyakwepa malori. Uso. Kisogo. Mikono. Suruali imeloa tope mpaka magotini. Akarudi nyuma picha moja. Miguu.

Miguu ilikuwa safi. Kwenye vidole, katikati ya vidole, kwenye nyufa za visigino ambazo mkulima hana budi azaliwe upya ndipo zitakate, hapakuwa na hata chembe ya tope. Sandali za akala zilikuwa mlangoni, zimepangwa sambamba, nazo zimeoshwa. Mzee aliyetoka shambani kwenye mvua na suruali ya tope alikuwa amelala kitandani na miguu ya mtu anayekwenda kanisani.

Phelister alikaa na picha hiyo mpaka wakafika Malaba kumchukua Victor. Muuaji huvunja mwiko akiwa na hasira, hilo aliliamini bado. Lakini kuosha miguu si hasira. Na mkwe, ambaye kwa Wateso hata kiti cha baba mkwe hakalii, ambaye akikutana naye njiani hupisha, huyo asingeishika miguu ya mzee hata angetishwa kwa bunduki. Miguu ya namna hiyo huoshwa na mtu wa nyumbani.

Kocholia ilikuwa kimya. Watu walikuwa kanisani, na waliokuwa wamekuja matanga walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa macho, kwa maana mzee hakuwa mtu wa watu, na habari ya mkwe muuaji ilikuwa imewatia hofu waliobaki. Phelister akamwacha Victor ndani ya gari barabarani, pingu mikononi, dereva pembeni. Alimtaka kitu kimoja tu, zile namba mbili ambazo mzee alizipata siku ile. Victor akazitaja papo hapo. Mzee alikuwa amemkaririsha, akasema, tangu mwaka jana, kila walipokutana hapo ukingoni. Hawakuwa na mengine ya kuongea.

Phelister akaacha bastola na simu garini, akaingia shambani peke yake. Mpaka ulikuwa mstari wa manyara, miti ya ua, umesimama wima na kijani, na upande wa pili mihogo ya Oriokot. Akaanzia kwenye manyara. Jiwe la Tororo lilionekana wazi upande wa machweo, na mnara wa kanisa ukatokeza juu ya mikalitusi, nyimbo zikija na kukatika kwa upepo. Akapima. Namba hazikukubali. Akasogea, akapima, akasogea, akivuka manyara na kuingia ndani ya mihogo kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Namba ya jiwe ikakubali kwanza. Akalifuata hilo jiwe moja kwa moja, akipima mnara kila baada ya hatua kadhaa, mpaka na mnara ukakubali.

Alikuwa amesimama katikati ya mihogo ya Oriokot, mbali na manyara. Hapo palikuwa na jiwe kubwa limezama ardhini, jiwe la mpaka la zamani, na kulizunguka udongo ulikuwa umelimwa upya na kumwagiwa majivu. Mihogo kandokando ilikuwa imevunjika. Akachutama, akafukua kidogo kwa kalamu. Chini ya majivu ubavu wa jiwe ulikuwa na doa jeusi ambalo jembe halikuwa limelifikia.

Aliposimama, Oriokot alikuwa anakuja na kiti cha mbao. Mtu mnene wa mabega, mvi, shati jeupe la Jumapili. Akakiweka kiti kwenye tuta.

"Madam asimame kwa jua namna hii, watu watasema sisi hatuna adabu," akasema.

Phelister akaketi, kwa kuwa heshima ni heshima. Akamuuliza habari ya ile tochi tena, aliiona ikiwaka kweli? Oriokot akasema aliiona, ilimulika mpaka hapa kwa mihogo. Phelister akampa.

"Iwashe, mzee."

Akabonyeza pale alipoonyeshwa. "Imezima."

"Haijazima. Weka jicho hapa."

Oriokot akaweka jicho. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yamelegea, akiutazama ule mwekundu mdogo. Alipoishusha hakuirudisha. Aliishika kwa mikono miwili.

Phelister hakumuuliza habari ya mwanga tena. "Ni nani alimwosha mzee miguu?" akasema.

Upepo ukaleta wimbo kutoka kanisani, ukauchukua. Oriokot akaketi chini kwenye tuta, hakujali shati.

"Ilikuwa imenyesha," akasema. "Alikuwa na matope mpaka hapa." Akagusa goti lake. "Kaka yangu hakuwa mtu wa kulala na matope."

Mengine yakatoka yenyewe, bila kusukumwa. Manyara alikuwa ameyasogeza kidogo kidogo kila msimu tangu shemeji yake afariki, na hakuona kama ni wizi. Odeke hakuwa na mtoto wa kiume. Hilo shamba lingemwendea nani kama si yeye? Kisha Ijumaa jioni, Victor akiwa ameshaondoka, kaka yake alimwita hapa, akamwonyesha jiwe, akamwambia wazee wakishakaa, shamba lote ataliandikisha kwa jina la Terry. Oriokot akasema kwa jina la Terry maana yake kwa jina la yule mkwe. Odeke akasema na iwe hivyo.

"Sikumpiga," akasema. "Nilimsukuma. Akaanguka na kisogo."

"Ukambeba."

"Kwa mgongo. Alikuwa amekuwa mwepesi, madam. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo. Nikapasha maji moto, nikamwosha. Sijui kwa nini niliyapasha moto."

Phelister akamuuliza kwa nini Victor. Oriokot akatazama kule barabarani, ambako gari lilikuwa limesimama.

"Yeye si wa hapa. Nilifikiri mkimpata mtatosheka." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Jana asubuhi nilipika uji wa watu wawili. Nilikuwa nimefika kwa mlango wake na kikombe ndio nikakumbuka."

Phelister alimsomea haki zake zote, neno kwa neno, na mzee akaitikia kila moja kama anayeitikia sala. Walitembea pamoja mpaka barabarani. Dereva akamfungua Victor pingu, akamfunga Oriokot zile zile. Victor alipoona hayo alirudi nyuma hatua moja, akainamisha macho, akapisha njia, kama anavyopaswa kumpisha baba wa mke wake. Hakumtukana. Oriokot naye hakumtazama.

Ilibaki Terry.

Alikuwa peke yake uani, kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani, miguu ameinyoosha. Wanawake waliokesha naye walikuwa wamekwenda ibada. Kwanza akaona mtu amesimama penye mwanya wa ua, upande wa nje, mikono imeachia mwilini bila pingu. Victor hakuingia. Hata leo hakuingia. Terry akaweka kiganja mdomoni, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu jana yakamtoka bila sauti.

Phelister akamwambia kwamba mume wake hana hatia, kwamba mzee alimpa chombo kile kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kesho hakuna mahakama kwa ajili yake. Terry akashukuru mara nyingi. Akaomba msamaha kwamba hajaweka hata maji ya chai. Kisha akachungulia nyuma ya Phelister.

"Na baba mdogo? Nilimwona akikuletea kiti. Mwambie aje, akae na sisi."

Kuna namna nyingi za kulisema jambo kama hilo, na kazini walifundishwa mojawapo. Phelister akaisema ile ya wazi. Akaeleza jiwe, na mihogo, na maji moto. Terry alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akamtazama mume wake pale nje, kisha mlango wa nyumba ya baba yake uliofungwa.

"Umenirudishia bwana yangu," akasema. "Asante, madam. Lakini asubuhi nilipoamka nilikuwa na baba mmoja wa kumzika mwingine. Sasa atazikwa na nani?"

Phelister akawahesabu waliobaki. Mkwe hawezi kushika jembe kwenye kaburi hilo. Binti hachimbi. Ndugu wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa garini, mikono imefungwa, akisubiri kupelekwa seli. Kule kanisani wimbo ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanaanza kutoka, ila hakuna aliyeshika njia ya kuja huku.

Akavua viatu, akaviweka kando, akaketi kwenye mkeka karibu na Terry.